Wageni Waliokuja na Antena

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua mashine! Iko chini ya kitanda, nimeifunika kwa gunia. Gathoni, mke wangu, akiuliza, hivyo ni viazi.

Kwa nini mashine? Kwa sababu ya Kagwe. Kagwe ni ndugu wa Gathoni, na sote wawili tunakodisha spika na maiki zisizo na waya kwa mazishi, harusi na mikutano ya kanisa. Mimi hapa Gitothua, yeye kule Mugutha. Mimi ndiye niliyeanza. Yeye alikuwa akiuza mboga za sukuma wiki, na angebaki huko.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mazishi. Ploti ya pili Kagwe alikuwa na sherehe ya mtoto kufikisha mwaka mmoja. Maiki zetu zikagongana hewani. Mchungaji akasoma kwamba marehemu alizaliwa mwaka wa thelathini na tano na ameacha wajukuu arobaini. Spika zangu zikajibu kwa sauti ya MC wa Kagwe: "Mpigieni makofi! Mwaka ujao tunarudi tena hapa hapa!"

Hakuna aliyemlaumu Kagwe. Mjane aliniangalia mimi.

Basi leo nimeenda Thika kwa Mwas, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Akanitolea maiki mbili na kisanduku cheusi chenye antena nne, hakina jina, hakina stika, hakina hata nchi kilikotoka. Nilipenda sura yake papo hapo. Mwas akasema, "Mzee, ukiwasha hii, maiki ya mtu mwingine inanyamaza yenyewe. Hii ni simba." Nami nimeiita hivyo. Simba.

Jumamosi ya tarehe 16 ni ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya Wangechi, binti yetu wa pili. Watu wa Marvin, mchumba wake, wanatoka Siaya na mahari. Gathoni anasema vyombo alete Kagwe, kwa kuwa ni mjomba wa bibi harusi na maiki zake hazina shida. Vyombo vya Kagwe uani kwangu! Kwenye siku ya mtoto wangu! Nilisema hapana mara tatu, mara ya tatu nikiwa tayari nimetoka nje.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaribu Simba. Nilipanga spika mbili uani, nikatembea na maiki hadi kwa duka la Macharia, nikanong'ona "moja, mbili." Nikasikia moja, mbili yangu ikirudi juu ya mabati ya watu. Jogoo wa jirani aliacha kuwika katikati.

Nikaendelea mpaka kanisani. Simba bado yuko hewani. Njiani nikapita mkutano wa kina mama ambao Kagwe alikuwa ameuwekea spika. Alikuwa akiipigapiga maiki yake kwa kiganja, haitoi hata pumzi. Nilimwonea huruma. Si kweli. Nilifurahi hadi nikanunua mandazi.

Doa moja tu. Becky, binti yetu wa kwanza, ni nesi huko Doha. Hutupigia simu ya video kila siku saa kumi. Leo picha yake iliganda akiwa amefungua mdomo, kisha akapotea. Macharia naye anasema simu yake haina hata mstari mmoja wa mtandao. Kampuni za simu za siku hizi! Nilizima Simba saa kumi na moja, nikaenda kunywa chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Kila siku kuanzia saa tisa ninafanya mazoezi ya hotuba yangu ya ruracio. Kwa maiki, bila shaka. Hotuba ina dakika hamsini na inaanzia kwa babu yangu.

Lakini mtaa huu umelaaniwa. Kila ifikapo saa tisa mtandao unakufa. Jana Macharia alipanda juu ya tangi la maji kutuma ujumbe mmoja tu. Watu wa boda boda wanapigiana kelele kama zamani, kutoka kona hadi kona. Becky tumemkosa siku tatu mfululizo.

Wangechi amelia. Becky alinyimwa likizo, kwa hiyo ruracio ya mdogo wake ataiona kwa simu tu. Hawa wawili walilala kitanda kimoja miaka kumi na minne. Wangechi aliniambia, "Baba, Becky akikosa kuniona siku hiyo, mwenye kuharibu hii network simsamehei. Akuwe nani."

Moyo uliniuma. Nikaapa mbele yake kwamba adui nitamtafuta nimpate. Nikakaa nikafikiri. Nani ana vyombo vya kurusha mawimbi? Nani ana wivu? Nani alikuwa akiuza sukuma wiki?

Nimeandika barua kwa ile ofisi ya serikali inayosimamia mawimbi ya hewani. Nimewaeleza kwamba Kagwe wa Mugutha anaua mtandao wa Ruiru yote na waje mara moja. Sikuweka jina. Nimetia sahihi "Mkazi Mwaminifu". Karatasi ilikosekana nyumbani, nikachana ukurasa kwenye kitabu changu cha risiti, nikaandika nyuma. Mwandiko ulinyooka sana. Macharia aliipiga picha mbele na nyuma, akaituma kutoka juu ya tangi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemtumia Simba kanisani. Ushindi! Mchungaji alishuka kutoka madhabahuni, akatembea mpaka lango la nje akihubiri, na sauti haikukatika. Mwishoni akatoa ushuhuda kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kuhubiri, hakuna simu ya muumini hata mmoja iliyolia ibadani. Akasema ni mkono wa Mungu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kagwe alikuwa kiti cha nyuma. Baada ya ibada alikuja kuniuliza mashine yangu ni ya aina gani na kama ina stika ya kukubaliwa na serikali. Wivu mtupu! Stika! Mtu anauliza simba kama ana stika.

Habari njema: Marvin amesema wiki hii watu wawili wa ukoo wao watapita hapa kwanza, kuijua njia na kulijua boma, ili Jumamosi magari yasipotee. Nimemwagiza Gathoni awe na viazi na mahindi tayari kila siku. Watu hao lazima warudi Siaya wakijua binti yetu anatoka nyumba gani.

Jumanne, 12 Agosti

Siku kubwa. Siku mbaya. Sijui niiite nini.

Saa tisa na nusu, Simba akiwa hewani, nikiwa bado kwa babu yangu kwenye hotuba, gari jeupe la double cabin likasimama nje. Wakashuka wawili. Mwanamume mmoja mrefu, mpole, viatu vimepigwa rangi. Mwanamke mmoja ameshika antena ya mabomba mabomba, kama samaki aliyeliwa akabaki mifupa. Mwanamke akaizungusha polepole, ikatazama nyumba ya jirani, ikatazama choo, ikaja kutazama uso wangu. Hapo akasimama.

Nikajua mara moja. Wametumwa na wakwe! Na hawakuja mikono mitupu, wameleta antena ya televisheni.

Nikawakumbatia langoni. Mwanamume akasema anaitwa Odhiambo na mwenzake ni Naliaka. Jina la kwao Siaya, nilijua tu! Akaingiza mkono mfukoni atoe kitambulisho. Nikaukamata huo mkono. Nikamwambia katika nyumba hii mgeni haombwi kitambulisho. Akaanza kusema kilichowaleta. Nikamwambia katika nyumba hii mgeni hasemi kilichomleta kabla ya kula. Alijaribu tena wakati wa kunawa mikono. Gathoni mwenyewe akamnyamazisha kwa sahani ya viazi vya mukimo na paja la kuku.

Walikula! Naliaka aliongeza mara mbili. Huku wanakula wanauliza maswali ya watu wenye akili. Kazi yangu ni gani? Spika. Hiyo sauti iliyofika barabarani ni ya mashine yangu? Nikasema njooni muone.

Niliwapeleka chumbani. Nikamnyanyua Simba, angali anawaka. Nikamwambia Odhiambo ashike mwenyewe asikie uzito. Nikawaeleza kwamba nikiwasha hii, Kagwe, shemeji yangu, ananyamaza kama aliyemezwa. Naliaka akawasha kimashine chake kidogo, nacho kikapiga kelele kama mtoto. Nilifurahi. Hata mashine ya wakwe imekubali!

Wakauliza ninaitumia siku gani, kuanzia saa ngapi, na nani aliniuzia. Nikajibu yote, tena nikaongeza. Nikasema ninatumia kila siku kuanzia saa tisa na Jumapili mchana kutwa. Naliaka aliandika kila neno. Nikawaza, habari itafika Siaya nzima bila kupungua. Akanipa karatasi nitie sahihi. Nikatia, na chini yake nikaandika "Karibuni tena".

Odhiambo akamaliza chai, akaweka kikombe chini, akauliza kwa heshima kama sasa anaruhusiwa kusema kilichomleta. Nikamwambia uwanja ni wako, mzee wangu.

Akasema wao ni wakaguzi wa ile ofisi ya mawimbi.

Gathoni alisema "Ngai!" halafu akalirudisha jikoni bakuli la kuku.

Odhiambo alinieleza pole pole. Mawimbi ni kama bomba moja la maji la mtaa. Kila mtu ana mfereji wake. Maiki zina wake, simu zina wake. Mimi nimefunga pampu kubwa kwenye mfereji wa simu, na kila nikiiwasha, mtaa mzima unabaki na hewa. Nikamuuliza, na Kagwe? Akasema wamepitia kwake asubuhi. Maiki za Kagwe zina stika. Zote. Nikamuuliza wamejuaje kwangu. Akatoa nakala ya ile barua ya Mkazi Mwaminifu, akaigeuza. Upande wa pili: "Muriithi Sounds, Gitothua. Tunasikika." Na picha ya spika. Na nambari yangu ya simu.

Wamemchukua Simba. Odhiambo alionekana kuona aibu, kwa sababu mdomo wake bado ulikuwa na mafuta ya kuku wangu. Alisema ataandika kwenye ripoti kwamba mhusika alishirikiana na maafisa kuliko mtu yeyote ambaye wamewahi kumkagua.

Dakika tano baada ya gari kuondoka, simu ya Gathoni ikalia. Becky. Picha safi! Hata kipini cha pua kinaonekana. Akauliza mbona macho yangu ni mekundu. Nikamwambia ni vitunguu.

Jumatano, 13 Agosti

Wangechi ameambiwa yote. Amenipikia chai bila sukari na kuiweka mbali kidogo na mkono wangu.

Ni mimi niliyekuwa nikimfungia Becky mlango. Kila saa tisa! Mimi mwenyewe, kwa hotuba ya babu yangu. Nimeona haya kweli.

Hata hivyo naogopa. Odhiambo alisema afisa mwingine anaweza kuja kuthibitisha kwamba sina vyombo vingine. Nimefunika spika kwa blanketi. Nimeificha redio ndogo ya jikoni kwenye pipa la unga.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamekuja! Gari jeupe tena. Nilichungulia kwenye tundu la lango. Mwanamume mwenye koti na mwanamke mwenye daftari, na ndani ya mkoba wake kitu kirefu kimejitokeza. Antena, nikasema moyoni.

Safari hii hakuna mukimo. Nilivaa kofia ya kufunika uso na makoti mawili, nikafungua lango kiasi cha pua. Wakauliza kama hapa ni kwa Mzee Muriithi. Nikasema mimi ni soja tu, mlinzi wa lango. Mzee Muriithi alihamia Nyeri. Wakauliza kama yule wa spika si wa hapa. Nikasema hapa hakujawahi kuwa na spika, mzee alikuwa kiziwi. Mwanamke akauliza taratibu, "Na msichana wake, Wangechi, tunaweza kumwona?" Hapo nikaelewa. Wanataka shahidi! Nikasema Muriithi hakuwahi kupata binti. Wana wa kiume tu, na wote ni wakaidi.

Wakatazamana. Mwanamke akauliza basi waende wapi. Nikawaelekeza Mugutha kwa Kagwe, kwamba huyo ndiye mwenye vyombo na majibu yote. Nikafunga lango kwa makufuli mawili. Nilijisifu kwa dakika kumi nzima.

Kisha simu ikalia. Siku hizi mtandao uko imara, hakuna simu inayokukosa. Alikuwa Kagwe, anacheka mpaka anakohoa. Akasema anao nyumbani kwake Jared, baba mdogo wa Marvin na msemaji wa Jumamosi, pamoja na Awiti, shangazi yake. Wamekuja kuijua njia, na wameambiwa na soja mmoja kwamba bibi harusi hajawahi kuzaliwa. Awiti alikuwa ameniletea mwavuli wa zawadi.

Baada ya Kagwe akapiga Marvin. Baada ya Marvin, Wangechi, aliyekuwa chumba cha pili. Baada ya Wangechi, Becky kutoka Doha. Wote ndani ya robo saa. Nilitamani Simba arudi kwa nusu saa tu.

Wangechi hakulia. Alisema, "Baba, Jumamosi wakikosa kuja, utawatafuta mwenyewe, kwa miguu, mpaka Siaya." Nikamwambia nitaenda. Na ningeenda.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja!

Magari matatu! Nilisimama langoni tangu saa moja asubuhi bila kofia, wote waone uso. Kagwe ndiye aliyepanga vyombo. Nilimsaidia kubeba spika. Niliangalia chini ya kila maiki. Stika. Stika. Stika.

Anayejua ruracio zetu anajua kwamba sisi wa upande wa msichana ndio hupiga wageni faini. Wamechelewa, faini. Wamevaa viatu vya vumbi, faini. Nilikuwa nimeandaa orodha. Lakini Jared akasimama kwanza, akaomba radhi kwa wazee wetu, akasema kabla ya mambo mengine kuna soja wa boma hili aliyemfukuza shangazi mwenye zawadi mkononi, na akamfuta bibi harusi duniani kwa neno moja. Akauliza hapa kwetu soja wa namna hiyo hutozwa nini.

Wazee wangu, wa ukoo wangu mwenyewe, wakainama wakashauriana. Ephantus, kaka yangu mkubwa, akatangaza: kondoo mmoja dume, mnono, apelekwe Siaya na soja mwenyewe. Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Awiti akaniletea mwavuli wangu, akanifungulia juu ya kichwa, huku kina mama wakipiga vigelegele. Hapo nikajua tumepona.

Kisha wasichana watano wakaletwa wamefunikwa leso kuanzia kichwani, Marvin amchague wake. Becky alikuwa kwenye simu, Naomi wa jirani ameishika juu kabisa. Marvin akasimama mbele ya wa tatu. Becky akapiga kelele kutoka Doha, "Huyo siye! Angalia vidole vya miguu!" Marvin akahamia wa tano. Akafunua. Wangechi! Mtoto wangu alikuwa anacheka na kulia pamoja, akaichukua ile simu akaiweka kifuani.

Saa tatu nzima. Picha haikuganda hata mara moja.

Kagwe akaniletea maiki yake mwenyewe, mkononi. Akasema, "Baba Becky, sema na watoto wako." Nikafungua mdomo na hotuba ya babu yangu ikanipotea yote. Nikasema tu kwamba nina mabinti wawili, wote wamo hapa, na kwamba yule soja alikuwa mwongo. Nililia mbele ya watu wote, na sijali. Becky aliniambia baadaye kwamba alisikia kila neno.

Jumapili, 24 Agosti

Barua ya ofisi imefika jana. Onyo la maandishi. Nikirudia, nitapelekwa kortini. Wamenishukuru kwa ushirikiano wangu.

Nimejifunza somo kubwa! Leo nimesimama kanisani nikaeleza kwamba mawimbi ni bomba la wote na kila mtu akae kwenye mfereji wake. Walinipigia makofi. Hata Kagwe alipiga. Nimekuwa mtu mpya.

Alhamisi, 28 Agosti

Jana saa kumi Becky alipopiga, picha iliganda. Sekunde mbili tu. Lakini baba hulala namna gani mtoto akiganda?

Leo nimekwenda Thika kwa Mwas. Nilimwambia wazi kabisa kwamba sitaki maiki. Mambo ya maiki nimeachana nayo, mimi ni mtu wa sheria. Akanielewa. Akanitolea mashine nyingine kabisa, nyeupe, yenye mlingoti mrefu, ambayo kazi yake ni kuvuta mtandao wa simu kutoka mbali na kuuleta nyumbani kwako. Ile barua ya onyo inataja maiki. Nimeisoma mara mbili, haitaji mlingoti mahali popote. Nimeiita Twiga.

Nimeifunga juu ya paa nyuma ya tangi. Ajabu! Becky anaonekana hadi nywele moja moja. Alinionyesha wodi yake, kitanda chake, na keki waliyokula. Tuliongea saa nzima. Wangechi naye akajiunga kutoka kwa Marvin. Sina furaha nyingine zaidi ya hii duniani.

Jumatatu, 1 Septemba

Macharia yuko juu ya tangi lake tena. Anasema mtaa mzima hauna mtandao, kuna mtu anaunyonya wote. Nilikasirika sana! Watu wengine hawajifunzi. Nimemsaidia kuandika barua. Karatasi nimetoa mimi.

Jumatano, 3 Septemba

Gari jeupe limesimama kwa kona. Naliaka ameshuka na ule mfupa wa samaki. Umetazama choo. Sasa unatazama huku. Odhiambo amenipungia mkono, nami nimempungia.

Nimemwambia Gathoni aweke viazi motoni, na kuku wawili safari hii. Wakishaanza kula hawawezi kusema kilichowaleta.